Sukari kwa Shimo ya Tatu

Wacha niseme mapema ndiyo usije kuniambia baadaye: kwa hii stori mjinga ni mimi. Hakuna mwingine. Nimejaribu kuisimulia kwa njia nyingi, nikawekea fundi wa viatu lawama, nikawekea sisimizi, hata siku moja nikawekea serikali, lakini kila nikifika mwisho najipata nimesimama pale pale juu ya daraja, mkono umejaa sisimizi, watu wamenizunguka wanacheka. Kwa hivyo nimekubali. Cheka tu. Ukimaliza kucheka uendelee kusoma, kwa sababu kuna mtu nimemkosa sana, na hii ndiyo njia niko nayo ya kumuita.

Huyo mtu ni shosho yangu, mama ya baba. Na usishangae nikimwandikia kama kijana anaandikia mchumba. Mimi nilikuwa mume wake.

Ngoja nieleze. Kwetu Mbeere, mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la baba ya baba yake. Mimi ndiye nilizaliwa wa kwanza, na huyo baba ya baba, guka, alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla. Kwa hivyo nilikuja na jina lake, na kwa shosho hiyo haikuwa jina peke yake. Alikuwa amerudishiwa mzee wake, ni vile tu alirudishwa bila meno na akiwa anajikojolea. Mama ananiambia siku nililetwa nyumbani, shosho alinipokea, akaniangalia vizuri, akasema, "Karibu mume wangu. Umekawia, na angalia vile umerudi umechakaa."

Tangu hiyo siku sikuitwa jina lingine. Mume wangu kuja kula. Mume wangu mbuzi zimeingia kwa ndengu. Nikikataa kuchota maji anakaa chini na kiti yake, anaanza kulia kilio ya uongo: "Mimi nitarudi kwa baba yangu. Watu wakiniuliza nimeacha bwana kwa nini, nitawaambia ni mvivu." Baba yake alikuwa amekufa miaka mingi. Lakini mimi mtoto wa darasa la kwanza nilikuwa naogopa kuachwa, nachukua mtungi nakimbia.

Siku moja mwalimu alisema nilete mzazi kwa sababu hesabu yangu ilikuwa mbaya mpaka alifikiri namtania. Wazazi walikuwa shambani. Nikaleta shosho. Alisimama mbele ya darasa na leso yake, fimbo mkononi, akamwambia mwalimu, "Huyu ni mume wangu. Ile mara ya kwanza alikuwa anajua hesabu vizuri sana. Sijui ni nini ilimpata huko alikuwa ameenda." Darasa yote ikaanguka. Mwalimu mwenyewe aligeuka akaangalia ubao ndiyo asicheke. Mimi nikaitwa Mzee mpaka nikamaliza darasa la nane. Na baada ya hapo sikuenda mbele, kwa hivyo naweza kusema nilitoka shule kwa heshima.

Sasa daraja.

Kama umewahi kuingia Embu taoni kwa miguu unaijua. Si ile mpya ya malori. Ni ile ya zamani iko kando yake, ya saruji, imepinda kama mgongo wa mtu anapalilia. Gari haziruhusiwi tena. Ni watu wa miguu na boda, na mbuzi wa mama mmoja anajulikana na kila mtu. Iko na ukuta mfupi kila upande, na chini ya ukuta, pale maji ya mvua yanatokea, kuna mashimo. Kila upande nane. Shimo moja inaingia mkono mpaka kiwiko. Wakati wa kiangazi maji yakitulia, ukisimama chini kwa mawe unaona ile mviringo ya daraja na kivuli yake zimeshikana, zimekuwa kama jicho kubwa inakuangalia. Nimeosha magari miaka saba hapo karibu na hiyo jicho na bado huwa nashtuka nikiinua kichwa.

Lakini mimi nilijua hiyo daraja kabla sijaiona. Shosho alinilea nayo.

Guka alikuwa mpishi wa mzungu, wakati wa mkoloni. Nyumba ya mzungu ilikuwa ng'ambo, upande ule mwingine wa mto. Bibi za wafanyakazi walikuwa hawaruhusiwi huko. Guka alikuwa anaruhusiwa kuja nyumbani mwisho wa mwezi, anatembea siku nzima kushuka Mbeere, analala, anarudi. Shosho alikuwa msichana ameolewa juzi. Kila siku ya soko alikuwa anapanda Embu na wamama wengine, wamebeba ndengu na mawele kwa mgongo, na walikuwa wanapumzika hapo kwa daraja, upande wa soko, wanaweka mizigo kwa ukuta. Saa hiyo guka alikuwa jikoni. Hangeweza kutoka. Yeye alikuwa anatoka asubuhi na mapema, kabla mzungu aamke, akienda kuchukua maziwa.

Kwa hivyo wakatafuta njia. Shimo ya tatu, kwa ukuta wa upande wa mlima. Guka akipita asubuhi anaweka kitu hapo. Kwanza anasukuma jiwe ndani kabisa, ndiyo kitu isidondoke mtoni, halafu anaweka. Mara nyingi ilikuwa sukari, vijiko viwili kutoka kwa meza ya mzungu, imefungwa na karatasi ya gazeti. Shosho akifika anainama kama mtu anafunga kamba ya mzigo, anaingiza mkono, anatoa. Na yeye anaacha yake, kiazi kitamu imechomwa, imefungwa na jani la ndizi. Guka anaichukua kesho yake asubuhi, imekauka kama mti.

"Na aliikula?" nilikuwa namuuliza kila mara.

"Aliniambia aliikula."

"Na kama alikuwa anakudanganya?"

"Mume wangu, si wewe ndiye ulikula? Kumbuka."

Na mimi nilikuwa najifanya nakumbuka. Nasema ilikuwa tamu. Nasema ilikuwa na chumvi kidogo. Anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu anaangalia mbali huko juu kwa mlima, na hata mimi mtoto nilikuwa najua saa hiyo si mimi anaangalia.

Nilipokuja Embu kutafuta kazi nilipata hapo ng'ambo, kuosha magari. Nikapanga chumba Majimbo, huku upande wa soko. Kila siku navuka hiyo daraja asubuhi, navuka jioni. Na kila Jumapili shosho anapiga simu, na simu yake haina salamu. Inaanza hivi:

"Mume wangu, umeniwekea nini kwa daraja?"

"Nimekuwekea mamba."

"Ameiva?"

"Bado anaiva. Wiki ijayo nakuwekea lori."

"Lori itaenea kwa shimo?"

"Nimelikunja."

Hivyo ndivyo tulikuwa tunapendana. Miaka saba nimemuwekea mamba, lori, chifu, kiti ya kinyozi, choo mbili za shule. Na hakuna siku moja, katika hiyo miaka yote, nilikuwa nimeweka hata kijiko ya sukari. Nilikuwa napita na kiatu yangu karibu na hiyo shimo mara mbili kwa siku. Sijui ni nini ingenigharimu. Ni vile mtu anafikiri mzaha ni kitu, kumbe mzaha ni karatasi ya kufungia kitu.

Halafu macho yake yakaanza kufunikwa. Ya kushoto ikaenda kabisa, ikawa nyeupe kama maziwa yameganda. Ya kulia ikaanza kufuata. Kukasemwa apasuliwe hapo hospitali Embu. Akaletwa siku moja mbele, jioni, akalala kwangu Majimbo. Nikampa kitanda, mimi nikatandika gunia.

Aliangalia chumba yangu na hiyo nusu jicho ilikuwa imebaki. Akagusa ukuta. Akagusa kamba ya nguo. Akagusa nguo moja.

"Hii ni ya msichana."

"Ni ya jirani, shosho. Iliangushwa na upepo."

"Upepo iliingia na mlango?"

"Shosho."

"Mwambie mke mwenzangu asiogope. Mimi ni mzee, sitapigana. Lakini nataka nijue kama anajua kupika."

Nikampikia chai. Akashika kikombe na mikono miwili, hakunywa. Nikajua kuna kitu.

"Kesho tutapita kwa daraja?"

Nikamwambia hospitali haiko upande huo. Tukienda daraja tunazunguka, tutatembea mara mbili.

"Nimekuuliza kama tutapita."

Shosho hakuwa mtu wa kuomba. Akaweka kikombe chini.

"Daktari amesema wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inakataa. Kama itakataa, nitaenda nyumbani nikiwa giza. Sijali. Nimeona vya kutosha. Lakini hiyo shimo nimeacha kuingiza mkono tangu mzungu aende. Nilikuwa nasema nitapita, nitapita. Watoto, shamba, ng'ombe. Sasa nataka niingize mkono mara moja, na nipate kitu." Akageuka upande wangu. Hakuwa anacheka. "Wewe ndiye uko na jina lake. Nani mwingine ataniwekea?"

Nikasema, "Shosho, kesho utapata."

Hapo ndipo ujinga unaanza, kwa hivyo sogea karibu.

Asubuhi nilimwacha akilala. Nikaenda kazini kwanza, ng'ambo, kumwambia bosi sitakuwepo. Bosi akasema hakuna shida, lakini kuna pikapu moja ya matope ya mtu ana haraka, nimalizie. Nikaosha nikiimba. Nilikuwa na furaha mbaya. Halafu nikaenda kwa duka, nikanunua sukari, nikaomba mtu wa bucha kipande ya gazeti. Akaniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya bibi yangu, akanipa kipande iko na mchezo wa mpira. Nikapima vijiko viwili. Nikafunga vile shosho alinifundisha nikiwa mtoto, pembe ndani ya pembe.

Nikarudi kwa daraja kutoka kazini. Upande wa mlima, ndiyo. Nikainama. Moja. Mbili. Tatu. Nikasukuma jiwe mpaka ndani, nikaweka sukari, nikapiga hiyo shimo kofi kidogo kama mtu anapiga ng'ombe mzuri. Ule mwisho mwingine, upande wa soko, fundi wa viatu alikuwa ndiyo anafungua mwavuli yake. Nikampungia mkono. Akanipungia. Hiyo kupunga iweke mahali, utaihitaji.

Saa tatu tukafika, mimi na shosho. Alikuwa amevaa leso mpya na kofia ya manyoya ya kanisa, kama mtu anaenda harusi. Tulikuja kutoka upande wa soko, ndiyo kwetu. Alipofika mwanzo wa ukuta akauachilia mkono wangu.

"Niache. Naijua."

Akaanza kutembea akigusa ukuta na vidole. Polepole. Akainama akagusa shimo ya kwanza na fimbo. Akaenda. Akagusa ya pili. Mimi nyuma yake nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nilikuwa hata nimetoa simu nipige picha. Akafika ya tatu. Akapiga magoti. Unajua mtu wa miaka hiyo kupiga magoti kwa saruji ni nini? Ni kazi ya nusu saa. Nikataka kumshika, akanisukuma na kiwiko. Akaingiza mkono.

Akatafuta.

Akaingiza zaidi, mpaka bega likagusa ukuta. Akatoa mkono. Kwa mkono kulikuwa na kifuniko ya soda na jani limekauka.

Sijawahi kuona uso ukifungwa vile. Aliangalia hiyo kifuniko karibu sana na jicho lake, kama mtu anasoma barua, akaiweka chini.

Na mimi, badala ya kufikiri, nikapiga kelele. Nikageuka, nikamwona fundi wa viatu amekaa hatua kumi kutoka hapo, na nikakumbuka aliniona nikiinama asubuhi. Aliniona! Alipunga mkono!

"Wewe mzee! Sukari iko wapi?"

Fundi akainua kichwa. Ni mtu mzima, amenyamaza, ana misumari mitatu kwa mdomo kila saa. Akaitoa mmoja mmoja.

"Sukari gani?"

"Ya shosho! Uliniona asubuhi nikiweka. Hakuna mtu mwingine alikuwa hapa. Toa sukari!"

"Kijana, mimi niko na kisukari. Nikiiba sukari yako si nimeiba jeneza?"

Watu wa boda wakaanza kusimama. Mama mmoja anauza ndizi akasimama. Ukitaka kujaza watu Embu usiite mkutano, shika mtu mmoja shati. Mimi nikachukua kisanduku ya fundi nikaimwaga. Ndiyo, niliimwaga. Gundi, uzi, misumari, nusu soli, na kiatu ya mwanamke, mguu wa kushoto.

"Angalia ndani ya kiatu pia," fundi akasema. "Pengine nimeificha kwa kidole."

"Usinicheze!"

"Ni nani anacheza? Mtu mzima analilia sukari barabarani."

Mtu wa boda akasema, "Na vile huyu huosha gari. Kumbe ni sabuni imeingia kichwa." Wakacheka. Nikajibu kitu, sikumbuki ni nini, ilikuwa mbaya. Shosho alikuwa bado amepiga magoti kwa shimo yake. Hakugeuka.

Mama wa ndizi ndiye aliona. Alikuwa ameinama kuokota misumari ya fundi, kwa huruma.

"Hawa sisimizi wanaenda wapi?"

Tukaangalia wote. Kulikuwa na mstari mweusi wa sisimizi, nyembamba, imenyooka, inapita chini ya ukuta. Imepita shimo ya tatu bila kusalimia. Imepita ya nne. Imepita ya tano. Hao sisimizi walikuwa na haraka kama watu wa harusi wamesikia kumeiva. Wakaingia shimo ya sita.

Fundi akasimama, akajipangusa magoti, akaenda mpaka hapo, akainama. Akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu kutoka ule mwisho wa ng'ambo, polepole, kama mwalimu.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Nikaingiza mkono. Sukari ilikuwa pale, pembe ndani ya pembe, mchezo wa mpira juu, na sisimizi wote wa Embu ndani. Wakapanda mkono wangu. Na watu wakacheka vile nimekuambia kwa mwanzo. Walicheka mpaka mtu wa boda akakalia ukuta. Miaka yote shosho ananiambia shimo ya tatu, upande wa mlima, na hakuna siku moja nilikuwa nimeuliza ya tatu kutoka wapi. Nilidhani ya tatu ni ya tatu.

Nikamsaidia fundi kuokota vitu vyake. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akarudisha misumari kwa mdomo, mmoja mmoja, akaongea nayo ndani: "Leta viatu vyako Jumamosi, nivishone. Vimefungua mdomo kama wewe." Mpaka leo yeye ndiye ananishonea.

Halafu nikarudi kwa shosho.

"Shosho, iko. Nimeipata. Ilikuwa hapo mbele tu. Ngoja niirudishe kwa hii yako, uingize mkono tena."

"Niinue."

"Dakika moja. Naiweka, wewe unaingiza mkono, unapata."

"Nishajua iko. Hiyo si kupata." Akashika mkono wangu, akapangusa sisimizi na leso yake, pole pole, mmoja mmoja. "Niinue, mume wangu. Daktari anangoja."

Nikamwinua. Akachukua ile karatasi, akaifunga kwa pembe ya leso, na tukaenda.

Jicho ilikubali. Nakwambia ili usikae na wasiwasi. Siku walimfungua bandeji aliniangalia, akasema, "Kumbe uko na sura mbaya hivi? Na nilikuwa nimeolewa na wewe." Baba akaja akamchukua, wakashuka nyumbani kwetu Ishiara siku hiyo hiyo, hawakupita kwa daraja kwa sababu haikuwa njia. Tukasema siku atakuja kuangaliwa jicho tutapita, na safari hiyo nitaweka vizuri. Alisema sawa. Mvua ikaja, ndengu zikakomaa, akasema baada ya kuvuna. Baada ya kuvuna akaugua kifua, siku nne. Nilifika siku ya tano.

Sasa Jumapili simu yangu inanyamaza. Huwa naishika tu. Kuna wakati naosha gari, nasikia kama mtu anauliza umeniwekea nini kwa daraja, na mdomo wangu unatayarisha mamba kabla kichwa kikumbuke. Msichana wa ile nguo, ambayo kweli haikuangushwa na upepo, ananiita jina langu vizuri, lote, lile la guka. Ni jina nzuri. Lakini nikilisikia naona kama anaitwa mtu mwingine. Hakuna mtu amebaki wa kuniambia nimechelewa kurudi.

Siku za soko huwa naweka sukari. Vijiko viwili, gazeti, jiwe nyuma. Najua ni sisimizi wanakula. Fundi ananiona, anaendelea kushona. Wiki iliyopita aliniambia tu nisukume jiwe zaidi, inalegea. Na hiyo ya kuwekea wapi, siku hizi sikosei, kwa sababu kuna kitu shosho aliniambia hiyo asubuhi, na nimekiruka nikakipeleka mwisho.

Tulikuwa tumekaa kwa benchi ya hospitali, tunangoja aitwe. Mkono wangu ulikuwa umefura. Alikuwa amefungua pembe ya leso, amefungua gazeti, na alikuwa anachovya kidole kwa sukari, analamba, sukari na sisimizi pamoja.

"Shosho, acha, ina wadudu."

"Hata ile ya zamani ilikuwa nao."

Akalamba tena. Mimi bado nilikuwa nataka kujitetea, unajua vile mtu mjinga hupenda kumaliza kesi.

"Lakini shosho, si nilihesabu vizuri? Nilitoka kazini, nikafika kwa daraja, moja, mbili, tatu. Hata guka si alikuwa anatoka huko huko ng'ambo?"

"Alikuwa anatoka huko."

"Basi?"

Nesi akaita jina lake. Akakunja gazeti, pembe ndani ya pembe, akanipa nimshikie, akashika bega langu ndiyo asimame.

"Ulihesabu vizuri, mume wangu," akasema. "Ni vile ulianzia kwako. Yeye alikuwa anavuka daraja yote kwanza, anafika upande wangu, halafu ndiyo anasema moja."